Simu Ndani ya Maikrowevu: Foili, Mvua na Mawimbi Yasiyoonekana

Fundi aliniomba simu yangu, akaiweka ndani ya maikrowevu niliyompelekea, akafunga mlango. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa, la sivyo ningemnyang'anya. Akatoa simu yake, akanipigia. Kibanda chake kiko Kisenyi, Kampala, katikati ya honi za bodaboda na wauza viatu, lakini simu yangu tuliisikia ikiita vizuri kabisa kutoka ndani ya lile boksi la chuma.

"Si mnaona?" akasema mama mmoja aliyekuwa akisubiri redio yake. "Linavuja. Ndiyo maana mimi silitaki nyumbani kwangu."

Fundi hakubishana naye. Alichukua foili ya kufungia chakula, akaizungushia simu mara mbili, akazikunja ncha zote na kuzibana kwa kidole gumba, akapiga tena. Safari hii kimya, na sauti ikamwambia kwamba mteja hapatikani.

"Karatasi nyembamba hivi imeshinda boksi zima la chuma, mama. Sasa hapo utasemaje?"

Mama hakusema kitu. Mimi pia sikuwa na la kusema, na ndiyo sababu ya makala hii. Ukiweza kueleza kwa nini simu iliita ndani ya boksi ikanyamaza ndani ya foili, umeshaelewa sehemu kubwa ya namna vitu vinavyopokea mawimbi haya: vingine vinayarudisha, vingine vinayameza, vingine vinayaachia yapite.

Kwanza tuondoe utata wa jina. Maikrowevu tunayoijua ni ile mashine ya jikoni, lakini jina hilo ni la ukoo mzima wa mawimbi, ndugu wa mwanga na wa redio, yenye urefu kuanzia mita 1 hadi milimita 1. Wifi imo humo, simu yako imo, dishi la televisheni limo, na rada ya uwanja wa ndege imo. Wanatofautiana urefu tu. Wimbi la mashine ya jikoni hutetemeka mara bilioni 2.45 kwa sekunde, yaani gigahezi 2.45, na urefu wake ni kama sentimita 12, kiasi cha kiganja. Wimbi la simu katika masafa ya megahezi 900 lina sentimita 33, kuzidi kidogo rula ya mwanafunzi. La dishi, karibu na gigahezi 12, lina sentimita 2.5, pungufu kidogo ya upana wa kizibo cha soda. Rula, kiganja na kizibo: vipimo hivi vitatu tutavirudia.

Watu huuliza kama kitu fulani kinazuia mawimbi au hakizuii, kana kwamba ni askari wa getini. Kwa kweli kila kitu hugawa. Wimbi likigonga ukuta, fungu moja hurudi lilikotoka, fungu jingine huishia humo ndani na kugeuka joto, na linalobaki hutokea upande wa pili. Mgawanyo huo ndio hutofautiana. Na kwa uzoefu wangu, ukitaka kuukisia bila kipimo chochote, tafuta vitu viwili tu: chuma na maji. Pasipo na chuma wala maji, mawimbi haya hupita karibu kama hapana kitu. Mbao kavu, glasi, plastiki, sahani ya kauri, nguo, ukuta wa udongo uliokauka: vyote hivi hupunguza kidogo tu. Tofali bichi lililonyeshewa huzuia kuliko lililochomwa na kukauka, na kosa si la tofali.

Tuanze na chuma, nikimaanisha metali zote. Ndani ya metali kuna elektroni nyingi ambazo hazikufungwa kwa atomu yoyote, zinatangatanga tu. Wimbi la maikrowevu linapofika, uga wake wa umeme, yaani ile nguvu yake ya kusukuma chaji, huzisukuma huku na huku kwa mdundo wake. Elektroni inayotikiswa hivyo huwa antena ndogo, nayo hutoa wimbi lake. Mawimbi ya elektroni zote yakijumlishwa, kwa upande wa mbele yanalifuta lile lililokuwa likija, na kwa upande wa nyuma yanajenga wimbi jipya linalorudi. Kwa hiyo metali haizuii wimbi kama ukuta unavyozuia mpira. Inalijibu, na jibu lake ndilo tunaloliita mwakisiko.

Jibu hilo hutolewa na ngozi ya juu tu. Katika alumini, kwa masafa ya mashine ya jikoni, kila mikroni 1.7 za kwenda ndani huachia kama sehemu moja ya saba ya nguvu iliyoingia. Mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama 70. Foili ya jikoni ina karibu 16, yaani wimbi linalojaribu kuipenya hugawanywa kwa saba, likagawanywa tena kwa saba, zaidi ya mara nane mfululizo. Hakibaki kitu cha maana. Bati la nyumba, hata lile la geji 30 linalopinda ukilikanyaga, ni nene kupita mahitaji. Ndiyo maana unene si hoja. Mwaka 1836 Michael Faraday alijenga chumba huko London, akakifunika kwa foili ya metali, akakitia umeme mwingi kwa nje, kisha akaingia ndani na vyombo vyake vya kupimia. Havikuonyesha umeme wowote.

Sasa, kama foili inatosha, mbona mlango wa maikrowevu una matundu na chakula tunakiona kikizunguka? Hapa ndipo kiganja kinapoingia. Tundu la wavu ule lina milimita moja au mbili, na wimbi lina sentimita 12. Kwa wimbi kubwa kiasi hicho, wavu ni kama bati zima. Elektroni huzunguka kando ya tundu na kuendelea kujibu kama kawaida. Mwanga nao una urefu usiofika hata sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo kwake tundu lile ni lango la ng'ombe. Mwanga unatoka, maikrowevu inabaki.

Lakini kuna mtego ambao hata mafundi wengine hawaujui. Kwa wimbi, kilicho muhimu si eneo la tundu bali urefu wake. Matundu elfu ya milimita moja ni salama, ilhali ufa mmoja mwembamba kama wembe, wenye urefu wa nusu ya wimbi, ni mlango. Mashine ya jikoni basi ina tatizo, kwa sababu mlango wake umezungukwa na ufa pande zote nne, na kamwe metali haiwezi kugusana na metali sawasawa kila mahali, hasa baada ya miaka ya mafuta na makombo.

Wahandisi hawakujaribu kuuziba ufa huo. Waliuchimbia mfereji. Ukifungua mlango na kutazama ukingo wake, chini ya ule mkanda wa plastiki mna mfereji wenye kina cha robo ya wimbi, karibu sentimita 3. Wimbi linalojipenyeza kwenye ufa huingia mfereji, hugonga mwisho, hurudi, na kwa kuwa limekwenda robo na kurudi robo, linapotoka limekuwa kinyume kabisa cha lile linalofuata. Yanafutana. Mlango haujagusana na fremu, na bado wimbi linarudishwa. Fundi wangu aliniambia kwamba kazi zote atafanya, isipokuwa kunyoosha mlango uliopinda: "Huo nakuambia ukanunue mwingine." Nilidhani ni biashara. Kumbe mfereji ukipotoka, hesabu nayo imepotoka.

Na hapo ndipo jibu la simu lilipojificha. Mfereji umekatwa kwa wimbi la sentimita 12. Simu haiongei kwa wimbi hilo. Yake ni ya sentimita 33, au 17, au jingine kutegemea masafa ya kampuni, na kwa hayo mfereji ule ni mwanya wa kawaida tu. Jambo la pili ni kubwa zaidi. Mashine ya jikoni hushughulika na wati 700 hadi 1,000, na kanuni ya Marekani inaitaka isivujishe zaidi ya miliwati 5 kwa kila sentimita ya mraba ukipima kwa umbali wa sentimita 5, hata ikizeeka. Simu nayo husikia mnong'ono. Inaweza kushika mnara kwa nguvu ambayo ni wati moja iliyogawanywa mara trilioni 10. Boksi linaweza kupunguza mawimbi ya mnara mara 10,000 na, pale Kisenyi ambapo minara iko karibu, bado simu ikabaki na ya kutosha kuita. Kwa hiyo jaribio lile, ambalo watu hutumiana kwenye WhatsApp kama ushahidi, halipimi uvujaji wa mashine. Linapima masikio ya simu.

Foili ilishinda kwa sababu haikuachwa na ufa. Niliporudia nyumbani kwa uvivu, nikaacha ncha moja imekaa wazi kama mdomo wa bahasha, simu iliita.

Ukishajua habari ya ufa, utaanza kuiona mitaani. Yale makontena ya meli yaliyogeuzwa maduka yana kuta za chuma pande zote, kwa hiyo wakala wa pesa za simu aliyepanga humo huweka kiti chake mlangoni, jua limpige mgongoni. Akirudi nyuma hatua nne muamala unagoma. Nyumba ya matofali yenye paa la bati haina shida hiyo, maana mnara hautumi mawimbi kutoka juu mbinguni. Yanakuja kwa pembeni, yanaingia dirishani. Cha ajabu ni kwamba jengo jipya la ghorofa lenye vioo vya kung'aa linaweza kuwa baya kuliko nyumba ya udongo. Kioo chenyewe hupitisha, lakini kile cha kurudisha jua kimepakwa utando wa metali, na utando huo hauchagui. Hurudisha jua na mtandao pamoja.

Tuje kwenye maji, ambayo naona yana ujanja kuliko chuma.

Molekuli ya maji ina upande chanya, uliko hidrojeni, na upande hasi, uliko oksijeni. Uga wa umeme ukiigusa, hujigeuza kuufuata. Ndani ya maikrowevu uga huo hugeuka na kurudi mara bilioni 2.45 kila sekunde, na molekuli zinazojaribu kuufuata husukumana na jirani zake kama abiria wa teksi ya Kampala dereva anapokanyaga breki. Msukumano huo ni joto. Hapana kingine kinachotokea kwenye chakula. Chembe moja ya mwanga wa mshumaa ina nishati takriban mara 200,000 kuliko chembe moja ya wimbi la maikrowevu, kwa hiyo haliwezi kuvunja molekuli wala kukiachia chakula mionzi. Kuunguza linaunguza, kama moto unavyounguza, na ndiyo maana mlango unachungwa.

Kuna hadithi inayorudiwa hata na walimu, kwamba gigahezi 2.45 ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo masafa ambayo maji "huitika". Si kweli. Maji ya joto la kawaida humeza kwa nguvu zaidi karibu na gigahezi 20. Tungetumia hayo, ganda la nje la chakula lingechukua kila kitu na katikati pangebaki baridi. Gigahezi 2.45 iko katika masafa yaliyotengewa viwanda, sayansi na tiba, na sifa yake ni kwamba maji huyameza pole pole: katika chakula chenye maji mengi wimbi huingia sentimita moja hadi tatu kabla ya kuchoka. Ndiyo maana bonge la matoke la jana huwaka pembeni likabaki jiwe katikati. Hukosei vitufe; wimbi halikufika.

Chumvi huzidisha mambo, kwa sababu huweka ioni, yaani chembe zenye chaji, ambazo nazo huburutwa na uga. Mchuzi wa karanga wenye chumvi huchemka na kuruka ukingoni mwa bakuli huku kijiko kikizama katikati penye ubaridi. Barafu nayo ni kinyume. Molekuli zake zimefungwa kwenye nafasi zake, haziwezi kugeuka, kwa hiyo barafu humeza kidogo mno ukilinganisha na maji. Nyama iliyoganda ikianza kuyeyuka sehemu moja, ile sehemu yenye maji hunyakua mawimbi yote, inapika, na jirani yake bado ni mawe. Kitufe cha kuyeyushia huwasha na kuzima ili joto lipate muda wa kutembea lenyewe.

Ukiwa na shaka na chombo, kiweke kitupu ndani pamoja na kikombe cha maji pembeni, uwashe dakika moja. Kikitoka baridi, mawimbi yanakipita. Kikitoka cha moto, kinameza, na mara nyingi ni udongo ulionyonya maji. Kile chenye mstari wa dhahabu usikijaribu: utando ule ni metali nyembamba yenye nyufa, mkondo wa umeme hukimbia ndani yake na kuruka kwenye ufa, na utaona cheche kabla hujaufikia mlango. Uma hutoa cheche kwa sababu kama hiyo, ncha kali hukusanya uga.

Kumeza vizuri kuna siri nyingine, nayo nilijifunza nikiwa Ggaba, kando ya ziwa. Mawimbi ya ziwa yakigonga ukuta wa mawe hurudi yote, unaona maji yakipambana yenyewe kwa yenyewe. Yakiingia kwenye mafunjo hayarudi. Yanapungua hatua kwa hatua mpaka yanaisha, kwa sababu hakuna mahali yalipokutana na mabadiliko ya ghafla. Wanaopima antena hufanya hivyo hivyo: hujaza kuta za chumba piramidi za sponji iliyochanganywa na kaboni, ncha zikitazama ndani. Wimbi huanza kukutana na kaboni kidogo, halafu nyingi, halafu nyingi zaidi, na linakufa bila kujua lilipoingia. Kaboni hiyo hiyo ikiwa bapa ingerudisha sehemu kubwa. Umbo nalo ni dawa.

Sasa mvua, maana huku ndiko malalamiko yaliko.

Dishi hukusanya wimbi la sentimita 2.5 kutoka setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo setilaiti iliyo karibu na longitudo yetu huwa juu ya utosi, na madishi ya hapa yamelala chali kama sinia lililoanikwa. Mengine hata hukinga maji. Tone kubwa la mvua lina milimita kadhaa. Kwa wimbi la kizibo, tone hilo si dogo tena: hulitawanya, na kwa kuwa ni maji, hulimeza. Mvua ya milimita 100 kwa saa, kama ile ya alasiri inayoijaza mitaro ya Bwaise, hupunguza wimbi la gigahezi 12 kwa desibeli 5 hivi katika kila kilomita, yaani kinabaki kama theluthi. Likipita kilomita tatu za mvua hiyo limebaki asilimia 3. Goli linafungwa, wewe unatazama picha iliyoganda.

Kwa wimbi la rula, lile la simu, tone lile ni vumbi. Mvua hailigusi kwa kiasi cha kuhesabika. Hapo msomaji atanikatiza: mbona mvua ikinyesha mtandao wa simu nao hupotea? Mara nyingine umeme ndio umekatika na betri za mnara zimechoka. Mara nyingine ni hivi: minara huongea yenyewe kwa yenyewe kwa zile antena za mviringo kama ngoma, zinazotazamana kutoka kilima hadi kilima, na ngoma hizo nyingi hutumia masafa makubwa kuliko simu, hata gigahezi 15 au 23. Mvua huzipiga hizo. Simu yako inaonyesha mistari minne ya mtandao kwa sababu mnara inausikia vizuri, ila mnara wenyewe umebaki bila wa kuongea naye.

Uchungu huo una watu waliougeuza kipimo. Mwaka 2006 Hagit Messer wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba, kwa kusoma tu ni kiasi gani mawimbi kati ya minara yamefifia, unaweza kukadiria mvua iliyonyesha katikati yake. Baadaye njia hiyo ilijaribiwa Ouagadougou, Burkina Faso. Kwa nchi yenye vilima na minara mingi kuliko vituo vya kupimia mvua, mimi naiona ni akili.

Vile vibandiko vinavyouzwa barabarani kwa ahadi kwamba vinakinga mionzi ya simu, havihitaji aya ndefu. Kama kweli vingezuia mawimbi, simu isingepiga. Na kikizuia nusu, simu huongeza nguvu ili mnara uisikie.

Niliporudi kuchukua mashine yangu, fundi alikuwa amebadilisha fyuzi na kusafisha ukingo wa mlango, kazi ya shilingi ambazo sikuzilalamikia. Yule mama wa redio hakuwapo. Mvua ilianza nikiwa nalipa, ikapiga bati kiasi kwamba tulipiga kelele kusikilizana. Kwenye baa ya jirani mpira uliganda na watu wakaguna kwa pamoja. Fundi hakuinua kichwa.

"Dakika kumi," akasema, akaendelea kukaza skrubu.